Kivinjari cha Kaka Clever

Kila siku akitoka shule, Ernestina alikuwa na kazi zake kabla ya yote. Anavua nguo za shule, anachukua bidoni ya njano, anaenda bombani, anarudi, anaosha sahani, anafagia uwanja mpaka mbele ya choo. Akimaliza ndipo anaruhusiwa kushika simu. Simu ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe kama kitu cha kanisani.

Ilikuwa simu ya kaka yake Clever. Mwaka jana Clever alipanda pikipiki kwenda Kizuka, hakufika. Kilichorudi nyumbani kikiwa kizima ni simu, imepasuka pembe moja tu.

Kwa desturi yao, vitu vya marehemu haviguswi mpaka siku ya kuganduka, siku ile ndugu wote wanapokusanyika kumaliza matanga na kugawana alivyoacha. Kwa hiyo nguo za Clever zilikuwa bado kwenye sanduku, na viatu vyake bado vilikaa nyuma ya mlango, vimeangalia nje kama vinataka kutoka. Simu peke yake ilitolewa mapema, kwa sababu ya shule. Baba yao, Leonsi, alisema siku ile anampa Ernestina: "Soma nayo. Lakini usifute kitu chake hata kimoja. Tukishaganduka tutaona."

Ndani ya ile simu kulikuwa na vivinjari viwili. Kivinjari ni ile programu ya kufungulia intaneti, mwalimu wao anaiita navigateri. Kimoja kilikuwa Opera, chenye alama nyekundu. Kingine Chrome, chenye rangi nyingi. Ernestina alitumia ile nyekundu tu. Ukimuuliza, anakuambia haili mega nyingi za intaneti, na ni kweli, mega za faranga mia tano anaweza kwenda nazo siku nyingi.

Lakini sababu yenyewe haikuwa mega. Chrome ilikuwa ya Clever. Wiki ya kwanza aliwahi kuifungua, akaona juu pembeni kaduara kadogo kenye herufi C. Chini yake, habari za mpira, timu zile zile alizokuwa anapigia kelele. Simu haikujua kama mwenyewe amefariki. Ilikuwa inamngojea, imempangia vitu vyake vyote. Ernestina aliifunga haraka, kama mtu aliyefungua chumba akidhani hakuna mtu, akakuta mtu amekaa kimya anamtazama.

Siku moja ya Jumatatu, Mwalimu Protasi aliandika ubaoni: *Kwa nini watu wanachagua navigateri hii, wanaacha ile?*

"Waulize watu watatu," alisema. "Ijumaa kila mutu anasimama hapa mbele, anatuambia."

Ernestina aliandika swali bila hamu. Kuuliza watu lilikuwa jambo gumu. Kusimama mbele ya klase lilikuwa gumu zaidi. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Meshaki, aliyekaa nyuma, alikuwa na kazi moja tu duniani, kuwacheka watu wenye sauti ndogo.

Kwa bahati alikuwa na Raisa. Raisa alikuwa rafiki yake na jirani, na hakuwahi kumwogopa mtu. Walianza na baba yake Raisa, Mzee Hassani, aliyekuwa anageuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye vichanja vya kuanikia.

"Shikamoo, Baba Raisa."

"Marahaba! Ninyi watu wa Tanzania mutatumaliza na shikamoo zenu," alisema akicheka. Familia ya Ernestina ilirudi Rumonge kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania yeye akiwa mgongoni kwa mama, lakini pale mtaani waliitwa watu wa Tanzania mpaka leo. "Sema, mutoto wangu."

"Unatumia navigateri gani?"

"Mimi? Natumia intaneti."

"Papa," Raisa aliingilia, "intaneti gani? Iko nyingi."

"Hii hapa." Mzee akatoa simu mfukoni, imejaa magamba ya samaki, akawaonyesha ile nyekundu. "Hii iko muzuri. Ile ingine ilikula mega zangu zote siku moja, nikabaki naangalia simu kama kioo."

Wa pili alikuwa Fatuma, shangazi yake Raisa, mshonaji. Yeye alitumia ile iliyokuja na simu. "Sikuichagua," alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Niliikuta. Naogopa kubonyeza kitu kingine, simu isije ikakufa."

Wakabakiza mtu mmoja. Walienda kukaa ufukweni, kwenye ukuta wa nyumba iliyoachwa. Tangu maji ya ziwa yapande, nyumba za upande ule zilikuwa hazina watu. Zilisimama ndani ya maji, milango wazi, na mawimbi yaliingia sebuleni na kutoka kama wenyeji. Dirisha moja bado lilikuwa na pazia.

"Wa tatu ni wewe," Raisa alisema, akamnyang'anya simu. "Uko na mbili. Tufungue zote, tuone ipi inakimbia."

"Hiyo usifungue! Ni ya Clever."

Raisa alikuwa ameshafungua. Kale kaduara ka C kakatokea. Akagusa mahali pa kutafutia, aandike jina la mwimbaji, na kabla hajaandika kitu, chini yake pakashuka maneno yenyewe:

*kukohoa damu ni dalili ya nini*

"Clever alikuwa anakohoa damu?" Raisa aliuliza.

"Hapana. Alikuwa mzima. Ni lori lililomuua."

Raisa alijua simu kuliko watu wakubwa. Akafungua historia, pale kivinjari kinapoweka kila kitu ulichotafuta, na siku, na saa. Akasoma, kisha mdomo wake ukabaki wazi. Akamrudishia Ernestina simu polepole, kama unavyorudisha sahani ya moto.

Juu kabisa iliandikwa: *Leo.* Saa nne asubuhi.

Saa nne asubuhi wao walikuwa shule, na simu ilikuwa juu ya kabati. Baba alikuwa shambani Kizuka, anarudi Jumamosi kwa Jumamosi. Nyumbani alibaki mama yake, Zipora, peke yake, na Mama hakujua kuandika. Biblia aliisoma polepole na kidole, ndiyo, lakini kuandika, hata jina lake alilichora kama anachonga mti.

"Ni jini," Raisa alinong'ona. "Ao ni yeye."

"Nyamaza."

"Nasema tu. Sisi tungesoma dua."

"Sisi tungeomba kanisani."

"Basi muombe haraka, maana huyu anatumia mega zako."

Raisa alicheka kidogo. Ernestina hakuweza. Nyuma yao wimbi liliingia kwenye nyumba ile tupu, likagonga kitu ndani, kikasikika kama kiti kinachosogezwa. Wakakimbia wote wawili.

Tangu siku ile nyumba ilibadilika. Au labda haikubadilika, ni masikio ya Ernestina yaliyokuwa makubwa. Watu wakipita njiani walisalimu, "Mama Clever, amahoro!" na jina lile likaingia mpaka chumbani. Alikuwa amelisikia maisha yake yote, lakini sasa aligeuka kila linapoitwa, aone kama yuko mwingine anayeitika. Vile viatu nyuma ya mlango aliona vimesogea. Uwanjani Mama alikuwa anachemsha mawese kwenye sufuria kubwa, moshi umemfunika mpaka kiunoni, na mara kwa mara alikohoa ndani ya kile kitambaa anachofungia kichwa. Hakuna aliyejali. Wanawake wote wanaochemsha mawese Rumonge wanakohoa. Ni moshi.

Jumatano Ernestina alijikaza, akafungua tena ile ya rangi nyingi. Maneno mapya yalikuwepo:

*mtu aliyekufa anaweza kusikia*

Aliyasoma mara mbili. Akatafuta mahali palipoandikwa *Futa historia*, akaweka kidole karibu kabisa. Angebonyeza, kila kitu kingeisha, C na mpira na maswali yote. Lakini akakumbuka maneno ya baba, na akafikiri pia kitu kingine: kama ni Clever kweli anauliza, basi kufuta ni kumfungia mlango. Akairudisha simu kabatini, akaifunika kitambaa mara mbili.

Alhamisi walimu walikuwa na mkutano, wanafunzi wakaachiwa mapema. Uwanjani moto ulikuwa umezimika chini ya sufuria na hakukuwa na mtu. Ernestina alifika karibu na mlango, akasikia mtu anaongea chumbani kwa Clever.

Ilikuwa sauti ya Mama. Ilikuwa ndogo, ya upole, vile alivyokuwa anaongea na Clever akitaka ampelekee unga mashineni.

Ernestina alizunguka nyuma ya nyumba na kuchungulia dirishani. Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda kisicholaliwa, simu karibu na mdomo. Akasema, neno moja moja:

"Mtu… akikohoa damu… anakaa muda gani… ndiyo anakufa?"

Simu ikatoa kamlio kadogo, ting. Mama akaishusha, akaanza kufuata maandishi na kidole, midomo inacheza. Kitambaa cha kichwa kilikuwa magotini kwake, na kilikuwa na madoa mekundu.

Madoa yale Ernestina aliyajua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anafua. Nguo zote za Mama zilikuwa na madoa ya mawese, nani angeangalia mara mbili? Lakini pale dirishani akakumbuka. Mawese hayatoki kwa maji baridi, utasugua mpaka vidole vichubuke. Haya ya kwenye kitambaa yalikuwa yanatoka. Yalikuwa yanatoka yote, maji yanabaki mekundu kidogo, na yeye alifurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi.

"Mama!"

Simu ilianguka kitandani.

"Ni wewe?" Mama alishika kifua. "Unanitafutia kifo?"

Ernestina aliingia. Hakuuliza habari ya damu kwanza. Neno lilimtoka lingine kabisa. "Kumbe ni wewe unayefungua Chrome. Mimi nilifikiri…"

"Clever alinionyesha," Mama alisema. Alichukua simu, akaifuta na upindo wa kitenge. "Unabonyeza hapa, kwenye hiki kipaza sauti. Unasema, inaandika yenyewe. Ile yako nyekundu nilijaribu, sikuona pa kusemea. Mimi sijui kuandika, mutoto wangu. Hii inanisikia."

"Na lile swali la mtu aliyekufa?"

Mama aliangalia ukuta. "Nilitaka kujua tu."

Akaiweka simu kitandani. Kisha Mama akakohoa, kikohozi kirefu kilichomkunja, na safari hii Ernestina aliangalia kitambaa.

"Mama, twende sante, ukapimwe. Sasa hivi."

"Hapana." Mama alimshika mkono kwa nguvu. "Sikiliza. Tumebakiza wiki mbili tuganduke. Ndugu wanatoka Makamba, wengine wanavuka kutoka Tanzania. Wakisikia mama wa marehemu anatema damu, watasema nini? Watasema kifo bado kimekaa kwenye hii nyumba. Hakuna atakayegusa chakula changu. Tumalize matanga ya mutoto wangu kwanza. Usimwambie mutu, hata baba yako. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama," Ernestina alisema, kwa sababu hakuwahi kumjibu Mama kitu kingine.

Ijumaa walisimama mmoja mmoja. Mmoja alisema dada yake anachagua kivinjari kinachokumbuka maneno ya siri, maana yeye mwenyewe anasahau. Mwingine alisema mjomba wake anataka kisichokumbuka kitu, mke wake asione, na klase ikalipuka kwa kicheko. Meshaki alisema babu yake anapenda chenye herufi kubwa.

"Munaona?" alisema Mwalimu Protasi. "Tunadhani watu wanapima, wanalinganisha, ndipo wanachagua. Wachache wanafanya hivyo. Wengi wanabaki na kile walichoonyeshwa na mutu wanayemwamini. Ernestina, uje."

Alikwenda mbele. Alisema ya Mzee Hassani. Alisema ya Fatuma.

"Sauti!" Meshaki alipiga kelele kutoka nyuma. "Unaongea na inzi?"

"Wa tatu," Ernestina alisema, "ni mama yangu. Anachagua Chrome kwa sababu inamsikia."

Klase ikacheka. "Mama yake anaongea na simu!"

"Kimya!" Mwalimu alisema. "Hilo ndilo jibu zuri kuliko yote ya leo. Iko na kipaza sauti. Ni kweli, mutu asiyejua kuandika anaweza kuuliza. Na anaiuliza nini, Ernestina?"

Hapo angeweza kusema kitu chochote. Bei ya mawese. Mvua. Alifungua mdomo aseme mvua. Lakini kichwani alisikia ile sauti ya chumbani, neno moja moja, na akajua kwamba kila akinyamaza, swali lile linabaki kule ndani na simu peke yake.

"Anaiuliza atakufa lini," alisema.

Hakuna aliyecheka, hata Meshaki. Ernestina alitoka mbio mpaka nje, na Raisa nyuma yake, na Mwalimu nyuma ya Raisa. Pale nje, akilia, alimwambia Mwalimu yote, kitambaa, maji mekundu, wiki mbili za kungojea.

Mchana ule ule Mwalimu Protasi alifika nyumbani na Agneta, muuguzi wa sante, kile kituo cha afya cha mtaani, mwanamke mfupi mwenye maneno makali na mikono ya upole. Mama alipowaona alijua. Alimtazama Ernestina kwa jicho ambalo Ernestina hakuwahi kuliona.

"Nilikuambia nini?"

Ernestina alitazama chini. "Uliniambia nisiseme. Nimesema."

"Mama Clever," Agneta alisema, akivuta kigoda bila kukaribishwa, "umekohoa tangu lini?"

"Ni moshi."

"Moshi hautoi damu. Tangu lini?"

Machozi yakamtoka Mama. "Tangu mvua zilizopita."

"Na muda wote huo umeiuliza simu. Simu imekujibu nini?"

"Kila kitu," Mama alisema. "Saratani. Mapafu. Kifo. Nilisoma nikaogopa, nikauliza tena."

"Mimi siwezi kukutukana kwa kuuliza," Agneta alisema. "Kuuliza ni vizuri. Lakini ile simu, hata kama inakusikia vipi, haiwezi kuchukua makohozi yako ikayapima. Haiwezi kukushika mkono ikakuinua. Mutoto wako ameweza. Vaa viatu, twende."

Walikwenda. Makohozi yakapimwa, na jibu likaja: kifua kikuu, ambacho wengine wanakiita igituntu. Ni ugonjwa unaopona. Dawa zilitolewa bure, za miezi sita, na Agneta alisema mara nyingi mpaka ikawa kama wimbo, kwamba hata ukisikia umepona, usiziache katikati. Ernestina na Baba wakapimwa pia, wakakutwa salama. Madirisha ya nyumba yakafunguliwa, hata lile la chumba cha Clever, na hewa ya ziwa ikaingia mpaka kitandani.

Mama hakumsemesha Ernestina siku kadhaa. Alimeza dawa zake, akageukia ukuta. Ernestina aliamka kila asubuhi na hofu ile ile, kwa sababu kuitoa siri hakukuiondoa. Baba alikuwa amerudi Jumamosi ile, akaambiwa yote, akashinda siku hizo anawaza. Kisha akatangaza kwamba kuganduka kutasogezwa mbele mpaka Mama apate nguvu.

"Watu watasema," Mama alisema.

"Waseme. Clever hatakasirika tukimngojesha kidogo. Angekasirika sana tukimpelekea mama yake."

Mama aliangua kilio, halafu, katikati ya kilio, akacheka. Jioni ile alimwita Ernestina ale naye, na hakusema kitu, alimwekea tu samaki mkubwa.

Waliganduka baada ya miezi miwili. Ndugu walikuja wote, wakala chakula cha Mama, na hakuna aliyekiogopa, kwa maana Agneta alikuwa amekaa katikati yao, anakula kuliko wote. Simu alipewa Ernestina. Mama aliomba kitu kimoja tu, aendelee kuuliza maswali yake kwenye Chrome, pale anaposikilizwa, na wakakubaliana kwamba jibu likiwa la ugonjwa, linapelekwa kwa Agneta kabla halijaogopesha mtu.

Dawa zilipoisha, makohozi yakapimwa tena, yakawa safi. Mama akarudi kwenye mawese yake. Siku moja, wanawake wa mtaa wakichemsha pamoja uwanjani, Ernestina alikuwa anamsaidia kukoroga, na jirani yao Speciosa, aliyekuwa kwenye sufuria ya pembeni, akakohoa, akageuza uso, akafuta mdomo.

"Unakohoa tangu lini?" Mama aliuliza.

"Ah, Mama Clever, si ni moshi?"

Mama aliacha kijiti chake. Wanawake wengine nao wakaacha kukoroga.

"Na mimi nilisema moshi," Mama alisema. "Nilificha kwa aibu, nikaiuliza simu maswali ambayo nilipaswa kumuuliza mutu. Na nikamfunga mutoto wangu mdomo, nikaita hiyo heshima. Siyo heshima. Siri inayoua mutu haina heshima yoyote. Kikohozi kikipita wiki mbili, mutu anakwenda kupimwa, mawese yangoje. Na mutoto akikuona unaumia akasema, usimgombeze kama mimi." Akajifuta mikono, akamshika Speciosa kiwiko. "Ernestina, angalia sufuria yangu na yake zisiungue. Mimi nampeleka huyu kwa Agneta."

"Ndiyo, Mama," alisema Ernestina, safari hii kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.